Mkono Mmoja Unauliza

Mke wangu anaweza kujua kilichomo ndani ya belo la mitumba bila kulifungua. Nasema hili mwanzoni kabisa kwa sababu mimi mwenyewe nilikaa miaka saba bila kuliamini, na nilikuwa nalala naye kitanda kimoja.

Jina langu ni Pius. Niliacha shule darasa la tano, kwetu Nachingwea, nikaja mjini kwa mjomba, na nilipofika miaka kumi na tisa nikaingia kiwanda cha nguo. Sitafuti huruma ya mtu. Kiwanda kilinilea vizuri. Nilianza kwa kufagia vumbi la pamba, nikawa wa kupaka mitambo mafuta, nikaishia fundi wa mitambo ya kufumia, mitambo arobaini na minane chini yangu. Ilipokuwa inafuma yote kwa pamoja sakafu ilitetemeka mpaka unaisikia kwenye meno. Mgeni akiingia alishika masikio. Mimi nilipita katikati yake nimefumba macho, na mmoja ukibadilisha sauti kidogo tu nilijua ni wa ngapi na tatizo liko wapi.

Wanaume ndio tuliokuwa tunafuma. Wanawake walikaa mwisho wa jengo, kwenye meza ndefu zenye taa chini yake, wanapitisha kitambaa mbele yao na kutafuta kasoro. Tuliiita kazi ya kukaa. Hyasinta alikuwa meza ya pili. Alinirudishia jora mara tatu ndani ya wiki moja, nikaenda kumfokea, akanishika kidole akakipitisha juu ya kitambaa, akasema, "Hapa." Sikusikia kitu. Akakirudisha taratibu. "Hapa, Pius." Kulikuwa na uzi mmoja umeruka. Mmoja, kati ya maelfu.

Nilimwoa mwaka uliofuata, lakini kusema kweli sikumwoa kwa sababu ya hilo. Nilimwoa kwa sababu alikuwa mzuri na alikuwa hanicheki ninavyoongea. Habari ya kidole niliisahau.

Kiwanda kilifungwa nikiwa na miaka arobaini na mbili. Hakikufungwa kwa siku moja. Kwanza waliondoa zamu ya usiku, kisha vipuri vikawa haviji, kisha tukawa tunakuja asubuhi kukaa tu, tumevaa ovaroli safi, mpaka siku moja tukakuta geti lina kufuli jipya. Sasa ni ghala la vigae. Tulitoka mia sita na kitu, wake kwa waume. Wanawake walilia palepale getini. Wanaume hatukulia. Kesho yake wanawake wakaenda kutafuta cha kufanya, sisi tukaenda kukaa kijiweni.

Kijiwe chetu kiko Kariakoo upande wa Gerezani, nyumba ya tatu kutoka tunapopanga. Drafti, kahawa, magazeti ya juzi. Miaka kumi tulikuwa tunasubiri mwekezaji. Kila mwezi kulikuwa na mtu aliyesikia kwa mtu kwamba mwekezaji yuko njiani. Nami nilisubiri kama wenzangu. Hyasinta alianza kubebea watu vifurushi pale sokoni Mchikichini, baada ya miaka mitatu akapata meza yake, akawa anauza nguo za kike. Sikuwahi kukanyaga kwenye meza ile hata siku moja. Na jikoni sikuingia. Kwetu mwanaume haingii jikoni, na nilishapoteza kiwanda, sikutaka kupoteza na hilo.

Wiki moja kabla ya Idd, siku ya Jumanne, Hyasinta alikuwa anakaanga maandazi huku anavaa viatu, maana Jumanne ndiyo siku ambayo Awadhi, anayewauzia mabelo, anashusha mzigo stoo kwake. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani nasubiri chai. Karai liliyumba. Mafuta yakamwagikia mkono wake wa kulia. Alikuwa amevaa gauni la nailoni la mikono mirefu, na nailoni ikipata moto haiungui tu, inayeyuka na kushika ngozi. Mimi navijua vitambaa. Nililijua gauni lile tangu siku aliyokuja nalo na sikusema kitu.

Ningeweza kuyakaanga maandazi yale mimi. Nilikuwa na mikono miwili na sina pa kwenda.

Zahanati walimfunga bandeji mpaka mkono ukawa kama wa bondia. Tuliporudi nilidhani atalala. Akasimama mlangoni.

"Baba Leticia, nataka mkono wako."

"Wa nini?"

"Twende kwa Awadhi. Meza isiyokuwa na mzigo siku za sikukuu hupewa mwingine, unajua. Na mtaji tulio nao ni wa belo moja. Nikikosa belo, meza imeondoka. Nikinunua belo baya, meza imeondoka vilevile, narudi kubeba vifurushi vya watu. Na mkono huu hautabeba."

"Mwambie Angelina akusindikize."

"Angelina anajua samaki. Wewe umeishi na vitambaa miaka ishirini na tatu." Akaniangalia. "Mkono wa kulia tu. Huo mwingine kaa nao."

Binti yetu Leticia yuko chuoni Mtwara, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumsukumia. Nikavaa shati.

Tulipita kijiweni. Hapakuwa na njia nyingine. Aaron, mumewe Angelina, ambaye alikuwa fundi wa upande wa kusokota nyuzi, aliinua macho kwenye drafti.

"Pius, mama anakupeleka wapi?"

"Ameniomba nimsaidie kazi."

"Eh. Basi ndugu yetu ameolewa. Usisahau kikapu, bwana."

Wakacheka wote. Hyasinta alisimama.

"Shemeji Aaron, Angelina amepita hapa alfajiri na ndoo mbili, anakwenda Feri kukaanga samaki. Ulimwona?"

"Nilikuwa nimelala, shemeji."

"Nilijua," akasema, tukaendelea na safari.

Stoo ya Awadhi iko Mtaa wa Sikukuu, nyuma ya maduka ya vyombo. Ni jengo refu lenye giza, mabelo yamepangwa mpaka darini. Mbele kuna mabelo yenye karatasi: magauni, mashati ya watoto, mashuka. Hayo ni ya wenye nguvu. Kule nyuma kwenye kona kuna mabelo ambayo karatasi zake zimebanduka au zimelowa melini. Bei yake ni ndogo kwa sababu hakuna anayejua kilichomo, hata Awadhi mwenyewe. Ukutani juu ya kona ile kuna boksi limekatwa likaandikwa kwa wino mweusi: MKONO MMOJA UNAULIZA. MIKONO MIWILI UMENUNUA.

Sheria ile aliiweka marehemu baba yake. Zamani wateja walikuwa wanayapindua mabelo, wanayatoboa kwa vidole, wanayaacha yamechanika. Mzee akasema mtu aguse kwa mkono mmoja kadiri anavyotaka, hata kutwa, lakini akigusa kwa mikono miwili, belo ni lake, halirudi. Hakuna aliyewahi kusamehewa.

Tulikuta akina mama kama kumi pale. Awadhi, mtu mzima mnene mwenye kofia nyeupe, alitoka nyuma ya meza yake alipoona bandeji.

"Mama Leti, nani ameniharibia mkono ule?"

"Maandazi."

"Subhanallah. Na huyu shemeji ndiye anayesubiri maandazi." Akanipa mkono. "Karibu, shemeji. Usione nimesikitika. Mkeo ndiye ananisomea mzigo wangu. Mwaka jana aliniambia kona ile kuna belo la mapazia matupu, nikambishia, nikalikata mbele ya watu hawa hawa. Mapazia. Mpaka mwisho."

"Ni kubahatisha," nikasema.

Awadhi alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Haya," akasema. "Bahatisheni."

Hyasinta akanisogeza kwenye belo la kwanza. Akasimama karibu nami, mkono wake umelala kifuani, akasema kwa sauti ndogo.

"Vidole vitatu. Usibonyeze kama unakanda unga. Weka, halafu subiri."

Nikaweka.

"Unasikia nini?"

"Belo."

Akina mama wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Kitambaa kinakurudisha au kinakuachia?"

Nikafikiri. "Kinaniachia. Polepole."

"Kuna vigumu?"

"Vipo. Huku na huku."

"Vya duara au virefu?"

"Duara. Vikubwa kiasi."

"Piga kofi moja usikilize."

Nikapiga. Sauti ilikuwa nzito, imekufa.

"Nusa."

Nikainama mbele ya wanawake kumi nikanusa gunia. Lilikuwa na harufu ya vile vidonge vyeupe vinavyowekwa kabatini.

"Makoti ya baridi," Hyasinta akasema. "Ya wazee wa kiume. Yana bitana ndani, ndiyo maana yanaachia polepole. Liache."

Nyuma yetu alikuwapo mama mmoja mgeni, amekuja na msukuma mkokoteni. Akasema mke na mume wanaigiza ili wengine waliogope belo zuri. Akasogea, akaliwekea mikono miwili palepale, akalipia, akamwomba Awadhi kisu. Akakata pembe ya gunia na kuvuta kilichokuwa karibu.

Mkono wa koti. La sufu, la kijivu, lina vifungo vikubwa vya duara na bitana nyeusi. Akavuta jingine. Koti. Akavuta la tatu, akaacha kuvuta.

Nilimwangalia mwanamke huyu ambaye nilikuwa nimemwona asubuhi zote hizo akinipa chai, nikakumbuka kidole changu juu ya kitambaa, taa ikiwaka chini yake, uzi mmoja kati ya maelfu. Kazi ya kukaa. Mitambo yangu arobaini na minane iliuzwa kwa kilo. Alichokuwa nacho yeye hakuna aliyeweza kukifunga kufuli.

"Twende la pili," akasema.

La pili alilikataa kwa unyevu. La tatu lilikuwa na sweta za watoto, alisema, nzuri lakini za baridi, si za Idd. Nilianza kujibu vizuri zaidi. Nilianza kusikia. Siwezi kueleza. Miaka kumi vidole vyangu vilikuwa vinasukuma kete za drafti, sasa vilikuwa vinaamka.

La nne lilinirudisha. Niliweka vidole vitatu, kitambaa kikavisukuma nje. Kilikuwa kizito, kimefumwa kwa kubana, uzi juu ya uzi, ile mistari inayokwenda mshazari ambayo tulikuwa tunaifuma kwa oda za mashirika tu kwa sababu inakula mitambo. Pamba tupu. Niliijua kabla sijaijua.

Sasa mnielewe. Kiwandani, jora zuri linapotoka kwenye mtambo, fundi haligusi kwa ncha za vidole. Unalikumbatia. Unapitisha mikono yote miwili, unaliweka kifuani, unaegemeza kidevu juu yake, unalinyanyua. Nimefanya hivyo mara ngapi, sijui. Nilisahau stoo, nilisahau wanawake, nilisahau boksi ukutani. Nikalikumbatia belo la nne.

Akina mama wote waligeuka.

"Pius," Hyasinta akasema, mara moja, taratibu.

Nikaachia. Nilikuwa nimechelewa. Awadhi aliangalia maandishi ya baba yake, kisha akaangalia chini.

"Mama Leti," akasema. "Nikimwachia shemeji leo, kesho watakumbatia wote."

"Sheria ni yako, Awadhi. Belo ni letu."

"Ningependa…"

"Ni letu." Akanigeukia. "Sasa liguse unavyotaka. Vigumu?"

"Vipo. Vya chuma, vile vya kubana. Na zipu."

"Fupi?"

"Ndefu. Nafuata haiishi. Inatoka huku inakwenda mpaka huku."

Akafumba macho.

"Ovaroli," akasema.

Safari hii wale akina mama hawakucheka, na ilikuwa mbaya zaidi. Wiki moja kabla ya Idd, mji mzima unatafuta magauni ya kung'aa, na mke wangu amebaki na belo moja la ovaroli, kwa sababu yangu.

Tulilipeleka Mchikichini kwa mkokoteni. Njiani nilimwambia, "Nisamehe."

"Nyamaza nifikiri," akasema.

Tulipofika Karume alitoa simu kwa mkono wa kushoto akampigia mtu, sikusikia aliongea nini.

Kesho yake asubuhi nilisimama kwenye meza yake kwa mara ya kwanza. Alinipa kisu nikate mikanda. Mnaouza mitumba mnajua, lakini mimi sikuwahi kuona: belo linabanwa kwa mashine huko linakotoka, na ukikata mkanda wa mwisho linavimba. Linapumua. Kama mtu aliyebana pumzi tangu bandarini kwao, baharini kote, mpaka pale mezani kwetu. Nilirudi nyuma hatua moja. Ovaroli zikafunguka zenyewe, za bluu, za kijivu, za rangi ya machungwa, zina majina ya viwanda yameshonwa kifuani kwa lugha ambazo sizijui. Magotini zimepauka. Nilichukua moja nikaiweka puani. Zimefuliwa, lakini mafuta ya mashine hayatoki kwenye pamba, hata ufanyeje. Kuna watu mahali fulani walizivua hizi. Labda walipewa mpya. Labda walikuta geti lina kufuli. Nilibaki nimeishika mpaka Hyasinta akaniambia nipange.

Wateja wake wa siku zote walikuja, wakaangalia, wakasema pole, wakahamia meza nyingine. Mpaka saa nne hatukuwa tumeuza hata moja. Mwenye mzigo wa magauni upande wa pili alikuwa ameanza kuipima meza yetu kwa macho. Sikuwa na pa kuuweka uso wangu.

Ndipo akaja Angelina, mke wa Aaron, na wenzake watano kutoka Feri, wote wananuka samaki na mafuta.

"Shemeji," akaniambia, "nimepigiwa simu kwamba kuna nguo isiyoungua."

"Hakuna nguo isiyoungua," nikasema.

Hyasinta alinikata jicho. "Baba Leticia. Mwambie unachokijua."

Nilisimama kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Kisha nikachomoa uzi kwenye pindo la ovaroli, nikaomba kiberiti kwa fundi cherehani wa jirani, kijana anayeitwa Abubakary. Nikauwasha. Uliungua kama karatasi, ukawa majivu, nikapuliza, yakapotea.

"Hii ni pamba. Ikishika moto unaizima kwa kofi, haikugandi. Na ni nzito, tone la mafuta linaishia juu." Nikaonyesha blauzi yake. "Nipe uzi wa hiyo."

Akavuta mmoja. Nikauwasha. Ulijikunja, ukatengeneza tone jeusi, nikalidondoshea kwenye ukucha wangu. Likaganda palepale. Liliniunguza vizuri tu, sikusema.

"Na hii ni nailoni. Inayeyuka, halafu inakaa na wewe."

Angelina alikiangalia kidole changu. Kisha, bila kusema kitu, akapandisha mkono wa blauzi. Kuanzia kiganjani mpaka kwenye kiwiko mkono ulikuwa na madoa, mengine ya zamani meusi, mengine bado mekundu, mengi kuliko unavyoweza kuangalia kwa mara moja. Mwenzake akapandisha wake. Na mwingine. Walisimama pale sita, wamenyoosha mikono kama wanaoonyesha vitambulisho. Nimemjua Angelina miaka kumi na tano. Nimekula samaki wake. Mikono ile sikuwahi kuiona.

Hyasinta alipanda juu ya meza. Alikuwa na miaka arobaini na tisa na mkono mmoja, hakuomba kushikwa. Aliinua ile bandeji juu ya vichwa vya watu, na sauti aliyoitoa sikuijua. Ilikuwa sauti ya kusikika juu ya mitambo arobaini na minane.

"Huu mkono jana ulikuwa mzima. Gauni la nailoni ndilo lililoniunguza. Nani hapa anasimama kwenye moto? Nani anabeba zege? Nani anaendesha bajaji na jua linamchoma? Mnakwenda kazini na magauni ya harusi. Njooni mvae nguo ya kazi, mnafanya kazi."

Watu waligeuka. Wa kwanza kuja alikuwa dada mmoja mwenye simenti mpaka kwenye kope, anatoka kwenye majengo yanayopanda kule Kariakoo. Akaivaa juu ya kitenge, akavuta zipu, akainama, akainuka, akachuchumaa.

"Mama, na mtu akibanwa na haja? Nivue yote?"

Kicheko.

"Unaikata kiunoni, unatia mpira," Hyasinta akasema. "Inakuwa suruali na jaketi. Abubakary, weka cherehani vizuri."

Abubakary hakuinua kichwa tena mpaka mchana.

"Mume wangu ataniuliza nimevaa nini," mwingine akasema, bado anasita.

"Mwulize yake iko wapi," Angelina akamjibu, na watu wakapiga makofi. Nami nilicheka, ingawa lilinipata sawasawa.

Wakaja wanaofua kwa watu, wanaopaka rangi, dereva wa bajaji akaja akachukua mbili, wanaochambua chupa jalalani wakachukua saba na kugombania ya bluu. Nilikuwa nashika, nakunja, natafuta saizi. Hyasinta alikuwa juu, anaona kila mtu. Alikuwa anamwangalia mwanamke begani mara moja tu, ananiambia, "Ile ya kijivu, ya tatu chini yako," nami nampa, inamkaa. Hakukosea hata mara moja.

Kuna kitu nimekiona mara nyingi maishani na nilidhani sitakiona tena. Saa moja kasoro asubuhi, getini, zamu inapoingia: watu mia tatu, wote ovaroli, wanatembea upande mmoja bila haraka na bila kuchelewa, na wewe ukiwaona unajua kwamba mahali fulani mtambo utawashwa. Mchana ule nilinyanyua macho kutoka kwenye meza, nikaona njia yote ya Mchikichini, kati ya magauni ya Idd yanayoning'inia, bluu na kijivu na machungwa vinakwenda. Zamu ilikuwa inaingia. Wote walikuwa wanawake.

Aliyekuwa anapima meza yetu kwa macho alikuja kumsalimia Hyasinta kwa heshima, akaondoka.

Jioni meza ilibaki na ovaroli moja, ya machungwa, kubwa kuliko zote. Mtu aliiulizia. Hyasinta akaishusha, akanirushia.

"Hii haiuzwi. Hii ni ya maandazi."

Basi nakaanga. Ya siku ya kwanza yalikuwa mawe, mama mwenye nyumba wetu, Bi Thuraya, aliyarudisha akasema ana jino moja tu zuri. Sasa yanalika. Karai naliweka kibarazani, kwa sababu ndani kuna joto, na kwa sababu nimechoka kujificha. Juzi Aaron alipita akaniona nimevaa ovaroli, zipu mpaka shingoni. Alisimama. Kwa kitambo kidogo uso wake ulibadilika, nikaona kabisa kwamba amesahau miaka yote kumi.

"Pius. Kiwanda kimefunguliwa?"

Sikutaka kumcheka. "Kaa ule andazi," nikamwambia. Akakaa.

Jumanne iliyopita bandeji ilitoka. Tulikwenda kwa Awadhi. Ngozi ya mkono wake ni mpya, nyekundu na laini kama ya mtoto, na nilikuwa na hofu ambayo sikuisema: kwamba pamoja na ngozi ile kuna kitu kingine kimeungua. Nadhani naye alikuwa nayo. Alisimama mbele ya kona muda mrefu kuliko kawaida. Awadhi aliacha kuvuta tasbihi.

Aliweka vidole vitatu, akasubiri. Nikaona nyusi zake zinapanda.

"Baba Leticia," akasema, kama mtu anayeongea usingizini, "huu unasikia zaidi ya ule wa zamani."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake, mikono yangu yote miwili iko mgongoni, mmoja umeushika mwingine.